Mkono Nyuma, Bila Kugeuka

Jumapili, 19 Oktoba 2025

Kocha Kipchumba amenirudisha kwenye timu! Sisi Wakenya wa Riyadh tunaenda Jeddah mwisho wa mwezi, mbio za kupokezana kijiti. Amenipa zamu ya tatu. Goti langu halikunjiki tangu ajali ya mwaka jana, siwezi kuinama pale mwanzoni, na wa zamu ya tatu huanza akiwa wima. Mwalimu wa michezo asiyeweza kuchuchumaa! Wasichana wangu hapa shuleni Malaz hucheka wakidhani sioni.

Halafu akanisimulia yule binti Mmarekani wa 1928, wa kwanza kabisa kushinda mita mia za wanawake kwenye Olimpiki. Baadaye akaanguka na ndege. Aliyemwokota alidhani ni maiti, akamtia kwenye buti ya gari, akampeleka kwa watu wa kuzika. Kumbe mzima. Goti likakataa kukunjika, kama langu. Akarudi 1936, zamu ya tatu, akatwaa dhahabu.

Kipchumba alidhani ananitia moyo. Mimi nimebaki mle ndani ya buti.

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Nimegeuka tena. Hutakiwi kugeuka! Anayekuja anakuita, unanyoosha mkono nyuma, unakimbia. Ukimtazama, mwendo unakufa.

Siku hizi anayenipa kijiti ni Nyambura. Ana mbio, ana adabu, hana kosa. Lakini nafasi ile ni ya Peris, aliyekuwa akinipa kijiti kabla ya ajali. Nageuka nikitafuta uso wa Peris, napata wa Nyambura, nachukia. Maskini Nyambura.

Kipchumba amesema nikigeuka kwenye mchujo, fainali atamweka Maryann, yule wa akiba. Ana haki. Nimelia bafuni, maji yakitiririka.

Alhamisi, 30 Oktoba 2025 — Jeddah

Tumekuja kwa basi. Njia ileile ya ajali. Niliapa kufumba macho mpaka Taif, sikuweza. Pale penyewe hakuna kitu — mchanga, waya, takataka za plastiki. Nilitegemea angalau alama fulani.

Mwaka jana tulikuwa tukirudi kutoka mashindanoni, mimi na Peris kiti cha nyuma. Watu walitutoa, wakatulaza kando ya barabara, wakatufunika shuka moja. Nilimsikia mtu akisema halas, basi tena, wote wamekufa. Nikasogeza vidole. Nikangoja na yeye asogeze vyake.

Bado nangoja. Huo ndio ukweli wangu, na sijamwambia mtu.

Nyumba ya wageni iko Al-Baghdadiyah. Feni inapiga kelele. Nyambura ameniletea mtindi na mkate bila kuulizwa.

Ijumaa, 31 Oktoba 2025

SIKUGEUKA! Nilisikia "Mkono!" nyuma yangu, nikanyoosha, kijiti kikatua kiganjani kama kimetumwa. Tumeingia fainali! Kipchumba amefuta macho, akasingizia vumbi. Wali na kuku kwa gharama yake — yeye, bahili yule!

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Fainali ni baada ya Alasiri.

Nyambura amekuja kuketi kitandani kwangu, sura imemshuka. Anaomba radhi. Jana pumzi zilimwishia kwenye kona, hakuniita. Alijua nitapitiliza bila kijiti, tutatolewa, na itakuwa juu yake. Hakulala kwa kuwaza.

"Ulijuaje kunyoosha mkono, dada?"

Nimemwambia ni mazoea.

Si mazoea. Niliitwa. Na sasa nikiikumbuka sauti yenyewe — nzito kidogo, yenye haraka, ya mtu anayekaribia kucheka — Nyambura hajawahi kuwa na sauti hiyo. Nimeshindwa kufunga kamba za viatu. Amenifungia yeye. Naogopa sana. Na, Mungu anisamehe, tangu ajali sijawahi kufurahi hivi.

Anasema nisiwe na wasiwasi. Leo ataita mpaka uwanja mzima usikie.

Nimemwomba asiite.

Kipchumba anapiga honi kule chini, yalla, yalla, wenzetu wameshapanda. Nyambura hajainuka. Amenikazia macho, anangoja nimwambie kwa nini, na mimi najifanya naandika—