Mguu wa Mable

Voi, 17 Februari 1957

Kwa mke wangu, Mama Mable,

Salamu zangu zikufikie huko Mbololo, wewe pamoja na mama. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipotea tangu mrudi nyumbani na mtoto kutoka hospitali.

Jana daktari aliniita anieleze tena, maana siku ile wewe ulikuwa ukilia tu. Ugonjwa wa kupooza wenyewe umepita, ila umeuharibu mguu wa kushoto. Miezi sita hii ndiyo mguu bado unakubali kurekebishwa. Asubuhi, mchana na jioni, loweka kipande cha blanketi katika maji moto, ufunge paja, kisha unyooshe goti na kusukuma unyayo, mara thelathini. Tusipofanya hivyo goti litaganda, na Mable hatatembea sawasawa maisha yake yote.

Ni robo saa tu. Hata mimi nikitoka zamu ya kufunga mabehewa, nimechoka hoi, nakwenda mazoezi ya mpira na timu ya relwe kila jioni. Mwenye nia hakosi nafasi. Mtoto ana miaka minne, na samaki mkunje angali mbichi.

Mumeo,
Obadiah

Mbololo, 3 Machi 1957

Baba Mable,

Barua tumeipata, na tunamshukuru Mungu kusikia u mzima. Mama yako bado anaumwa mgongo, hashuki kitandani. Mable anakula vizuri na anakusalimu.

Mazoezi tunafanya. Asubuhi ni kabla sijaenda mtoni, jioni ni baada ya chakula. Mchana ndio taabu. Mahindi yana nyani, nikitoka shambani kidogo tu wanamaliza mstari mzima. Jumatatu na Alhamisi ni kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya serikali, hedimani wa chifu anaita majina, na asiyekuwepo anapelekwa barazani kutozwa faini. Hayo maji moto nayo yanataka kuni, na kuni ziko juu mlimani. Lau ungepata Jumapili moja ukaja ukanishikia mchana mmoja, ningeshukuru.

Mkeo,
Wakio

Voi, 2 Juni 1957

Mke wangu,

Hamjambo wote? Mimi sijambo. Nimenyamaza sana, unisamehe. Jumapili zangu zote zimekwenda kwa mpira. Tumewafunga Makindu, sasa tunawangoja wa Mombasa.

Mable anaendeleaje? Huo mchana, unafanya? Nijibu wazi.

Mumeo,
Obadiah

Mbololo, 15 Juni 1957

Baba Mable,

Hatujambo. Tunafanya mara zote tatu. Mama anakusalimu.

Mkeo,
Wakio

Voi, 20 Agosti 1957

Wakio,

Leo sina salamu. Tangu nije kumchukua Mable kwa ajili ya hospitali sijatulia.

Daktari alimpima, akauliza mtoto hushindaje mchana. Mable akajibu mwenyewe, "Mgongoni kwa mama." Mpaka saa ngapi? Akasema, mpaka nyani waende kulala. Daktari akanionyesha kwa mkono: goti na nyonga vimeganda vile vile alivyokunjwa ndani ya kanga. Mgongo wako ndio uliompa mguu wake umbo.

Uliniandikia mara tatu kwa siku. Umenidanganya, na anayeumia ni mtoto. Mable anabaki hapa kwangu. Daktari ametupa wiki nane za mwisho, na nitamnyoosha mimi mwenyewe.

Obadiah

Mbololo, 27 Agosti 1957

Baba Mable,

Natumaini wewe na mtoto mmeamka salama. Yeye hulala ubavu wa kulia, usimgeuze.

Ni kweli nilidanganya. Mchana sikufanya hata siku moja, na asubuhi nyingi zilinipita pia. Niliona haya kukuandikia kwamba nimekosa robo saa, wewe unayepata hata ya mpira. Lakini hilo la mgongo sikulijua, hakuna aliyenikataza. Ningemwacha wapi? Kwa mama yako asiyeweza kujigeuza? Kila nilipomfunga kanga nilidhani namfanyia wema. Akiwa juu alikuwa anaona watu, anaimba. Kumbe miezi sita namkunja mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikikumbuka, jembe linaniponyoka.

Sikuombi unisamehe. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mnyooshe, Baba Mable. Usiruke siku.

Mkeo,
Wakio

Voi, 13 Oktoba 1957

Mama Mable,

Pokea salamu zangu, ingawa nazituma kwa aibu. Mtoto anakula.

Mpira niliuacha siku ile ile. Wiki mbili za kwanza nilifanya mara tatu. Analia, nami naendelea. Kisha mizigo ya mkonge ikazidi, tukapewa zamu mbili kwa siku. Kalondu, mke wa jirani yangu Mulei, humpa uji mchana, lakini naye ana wanawe. Nikawa nafanya jioni tu. Baadaye nikawa nasinzia nikiwa nimeushika mguu. Mwisho nikawa nasema kesho.

Jumanne nilirudi nikamkuta amefunga kifundo cha mguu wake kwa shati langu kwenye tendegu la kitanda, anavuta mwenyewe huku anahesabu. Anajua mpaka kumi na tatu, akifika hapo anaanza tena moja. Goti limevimba kama boga. Kalondu anasema hufanya hivyo kila siku nikienda kazini. Alidhani ndivyo nilivyomwagiza mtoto.

Daktari amesema tuache. Uvimbe ukiisha, wakati utakuwa umepita. Mguu utabaki hivyo, na atatembea kwa gongo. Nilikuita mwongo, na mimi sina shamba, sina nyani, wala sina mgonjwa wa kumgeuza.

Kila jioni ananiuliza, "Baba, leo tunahesabu?" Nimeshindwa kumwambia. Njoo umwambie wewe.

Mumeo,
Obadiah

Mbololo, 15 Oktoba 1957

Baba Mable,

Tryphena wa kanisani amekubali kukaa na mama. Nitafika Jumamosi.

Sitamwambia peke yangu. Haya si maagizo ya kunitumia kwa barua kama yale mengine. Utayasema wewe, nami nimeketi karibu. Mpaka nifike, akikuuliza usikatae, ila goti usiliguse. Mshike mkono mhesabu pamoja. Akikwama kwenye kumi na tatu, mwambie inayofuata.

Mkeo,
Wakio