Kalori Elfu Moja Mia Nane Sabini na Mbili za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Mwangaluka, mama. Nakuandikia nikiwa nimekipa mgongo kile chumba cha uani ulichokuwa unalala. Hakuna aliyeniambia nikae hivi. Mwaka umepita tangu tukuzike Kabungu, na mimi bado nikitaka kuzungumza nawe najikuta nimegeukia upande mwingine.

Barua hii wataisoma na watu wengine, kwa hiyo nivumilie nieleze kidogo. Unajua kueleza ni ugonjwa wangu. Kwenu Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na mama mkwe hali chakula cha nyumbani kwa mkwewe. Mimi Mfipa, niliyemwoa binti yako Kabula, la kwanza nililijua vizuri na nililiheshimu. La pili nililisikia siku ya posa, nikadhani ni moja ya yale mambo wazee husema kwa sababu shughuli imekuwa ndefu.

Ndipo mwaka wa tisini na tatu ukaja kwetu Mpanda, umetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Daktari alisema hutarudi Kabungu mpaka uzito wako ukae palepale, kilo hamsini na mbili, kwa Alhamisi nne mfululizo. Ukishuka, kidonda hakitapona. Ukipanda, presha nayo itapanda. Wewe ulisikia neno moja tu: hutarudi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na shamba lako la karanga lilikuwa halijaguswa jembe. Kabula aliniambia kwamba kila asubuhi ulitoka uani, ukatazama juu, ukaguna, ukarudi ndani.

Nikaona hapa ndipo elimu inapotakiwa. Niliazima kitabu cha sayansi kimu kwa mwalimu mwenzangu, na mizani ndogo ya maabara tuliyokuwa tukipimia chumvi za kemia. Kisha nikakaa kwenye kigoda, nikauegemea ukuta wa jiko, wewe ukiwa upande wa pili, Kabula mlangoni katikati yetu kama karani wa mahakama. Nikaanza somo.

"Mwambie mayu," nilisema, kwa neno lenu la mama, "mwili ni kama jiko. Hata ukilala, unawaka. Kila kilo moja ya mwili inaunguza kama kalori moja kwa saa. Kilo hamsini na mbili mara saa ishirini na nne ni elfu moja mia mbili arobaini na nane."

Sauti yako ikaja: "Kabula, muulize mwalimu, hizo kalori anazipika nani?"

"Mwambie hazipikwi. Zimo ndani ya chakula."

"Kama zimo ndani ya chakula, mbona yeye anazihesabu akiwa nje?"

Kabula alijifanya anakohoa. Mimi niliendelea, maana mwalimu akiacha somo kwa sababu ya swali zuri hatamaliza muhula. Nilieleza kwamba juu ya hesabu ile ya mtu aliyelala lazima uongeze za kazi. Mtu anayekaa tu anaongeza kidogo, anayelima anaongeza nyingi. Kinachoingia kikilingana na kinachounguzwa, uzito hausogei. Nikamuuliza Kabula nikuandike kundi gani.

"Anayekaa tu," nilipendekeza. "Si mgonjwa?"

"Baba Tatu, leo mayu amefagia uwanja wote, ametwanga, na amepalilia mchicha wa jirani. Unamwandika amekaa?"

Basi nikakuongezea nusu. Jumla, elfu moja mia nane sabini na mbili. Nililipigia mstari jibu hilo mara mbili.

Kazi ikawa kulipata kwenye chakula. Kitabu kile kilijua sana siagi, jibini na nyama ya kondoo iliyookwa. Kuhusu michembe yako, uliyokuja nayo mfuko mzima, hakikusema lolote. Nilitafuta kwenye viazi, nikatafuta kwenye matunda makavu. Mwisho nikakadiria: kiazi kitamu kilichoondolewa maji, kalori zimebaki mahali padogo, kama abiria waliosogezana. Unga nikakupimia gramu mia tatu kwa siku, ukanipa kalori elfu moja na hamsini. Zilizobaki nikazigawa kwenye maharage, dagaa na karanga. Kila mlo ulipita juu ya mizani kabla ya Kabula kuuchukua kwenda chumbani kwako.

Na sahani zilirudi nyeupe! Mama, hujui furaha uliyonipa. Alhamisi ya kwanza nesi alipima: hamsini na mbili. Alhamisi ya pili: hamsini na mbili, na mshale haukutikisika. Shuleni nilichora jedwali lako ubaoni, bila jina, nikawaambia wanafunzi wa kidato cha pili kwamba kuna bibi mmoja mjini hapa ambaye mwili wake unatii hesabu kuliko wao. Nesi naye nilimpa nakala. Aliikunja akaitia mfukoni kwa adabu.

Wiki ya tatu jirani yetu Mama Regina, yule mjane wa Kibende wa ng'ambo ya ua wa mabua, alisafiri kwenda Karema kumwona dada yake. Mimi sikuona kama hilo linahusu kalori.

Alhamisi iliyofuata ulikuwa kilo hamsini.

Nesi alipima tena. Hamsini. Daktari akasema tunaanza kuhesabu upya, Alhamisi nne. Kabula anasema hukulia. Ulifunga khanga, ukatembea toka hospitali mpaka nyumbani mbele yake bila kugeuka, na ulipofika ulianza kukunja nguo zako, ukazikunjua, ukazikunja tena. Jioni hiyo tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya bati, nami nikasikia ukutani sauti yako, si ya utani tena: "Karanga zangu hizo."

Nilikesha na penseli. Nilikuongezea asali na karanga za kukaanga, nikarudia kuzidisha na kujumlisha, nikashuku mizani, nikashuku unga, nikashuku hata nesi. Sahani ziliendelea kurudi nyeupe. Kwa mujibu wa hesabu zangu ulipaswa kuwa unanenepa.

Siku nne baadaye Mama Regina akarudi. Alinikuta nje nikipima maharage.

"Mwalimu, salamu za safari nitakupa baadaye," alisema. "Kwanza niambie, nyie walimu mmenionaje? Chakula chenu kitamu, sikatai, lakini unanipimia kama dawa ya minyoo. Na tena kimeninenepesha. Tazama gauni hili, Karema nimelivaa kwa kusaidiwa!"

"Chakula chetu kipi, Mama Regina?"

Alinitazama, akamtazama Kabula, akaona ameharibu. Kabula akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nilielezwa kila kitu papo hapo. Toka siku ya kwanza, sahani yangu ilipitishwa juu ya ua wa mabua ikaenda kwa Mama Regina, na sahani ya Mama Regina ikaja kwako. Kila mtu alikula, mwiko haukuvunjwa, na mkwe hakuvunjwa moyo. Alipokwenda Karema, bata wake ndio waliokula kalori zangu na asali yangu. Wewe ulibaki na michembe na maji, ukivumilia mpaka mwenzio arudi.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza Kabula.

"Mayu alikataa. Alisema, mwalimu anapima kwa moyo wote namna ile, nitamwambiaje?"

Nilikaa chini, mama. Nilikuwa nimehesabu uzito wako, saa zako, kazi zako na unyevu wa michembe. Kitu kimoja sikukiandika popote: kwamba mpimaji ni mkweo. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba zile Alhamisi mbili za fahari, uzito wako ulishikiliwa na ugali wa Mama Regina, aliyekuwa akipika kwa kukadiria kwa jicho huku anaongea.

Nilimwendea na jedwali langu. Nilimwomba walau apime unga. Alilishika juu chini, akanirudishia.

"Mimi napika sufuria, mwalimu. Sipiki hesabu. Mpe unga mbichi aje nao mwenyewe kwangu, jiko ni langu, moto ni wangu. Hapo nani mkwe?"

Basi ikawa hivyo. Wewe ulivuka ua na unga wako, mkapika pamoja, mkala pamoja, na vicheko vyenu vikanifikia kwenye kigoda nilichokaa bila kazi. Baada ya wiki moja ulirudi hamsini na mbili. Ukabaki hapo Alhamisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne daktari alitia saini, na Mama Regina akalegeza gauni lake la kijani mishono miwili.

Mvua za kwanza zilikuwa zimepita lakini udongo ulikuwa bado laini. Asubuhi ya safari lori la Kabungu lilisimama barabarani, nami nilikuwa nyuma ya nyumba, kama inavyopasa. Nikasikia ukimwambia Kabula, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka nyuma ya nyumba, "Mwambie mwalimu anifungie chakula cha njiani."

"Cha kwake, mayu?"

"Njiani si kwa mtu."

Nilipika mwenyewe. Sikupima chochote. Wali, maharage, kipande cha kuku, ndani ya bakuli la bati lenye mfuniko, likafungwa kwenye kitambaa. Lori likaondoka, na mimi nikatoka nyuma ya nyumba nikalitazama mpaka likapotea machoni.

Baada ya siku tatu dereva alinirudishia bakuli. Lilikuwa tupu na limeoshwa. "Bibi alikula lote kabla hatujatoka mjini," alisema. "Amekusalimia. Amesema umepika vizuri, ila chumvi hukutia."

Mama, nimefundisha miaka mingi na nimesifiwa mara chache na wakaguzi. Hakuna sifa niliyoitunza kama hiyo. Kwa kuwa ili mtu alalamikie chumvi ya chakula chako, lazima kwanza awe amekula.

Karanga ulizipanda ukavuna, ukatuletea gunia. Miaka mitano ukaishi vizuri, na kila ulipokuja mjini ulishukia kwa Mama Regina. Sasa mimi ndiye ninayepelekwa kliniki. Presha imepanda, na daktari yuleyule amenikataza chumvi kabisa. Nimemwelewa, ningeweza hata kumweleza yeye sababu zake. Natii siku sita za wiki. Siku ya saba, Kabula akienda kanisani, natia punje chache kwenye maharage, nageukia ukuta, nakula.

Pumzika salama, mama. Nisamehe kwa kukutumia barua ndefu hivi. Ningekuwa naongea ukutani, ungekuwa umenikatiza toka mwanzo.

Ni mimi mkweo,
Mwalimu, Baba Tatu
Mpanda