Pweza wa Pango Moja

Mjukuu wangu Rahma,

Shikamoo yako imenifikia hapa Mkunazini, marahaba. Sote wazima, na goti la babu yako limetulia.

Umeniuliza ufanyeje, maana kila siku unaanza kazi chungu nzima na humalizi hata moja. Miaka ya hamsini, nilipokuwa kigori kwetu Bwejuu, wageni wa posa yangu walikuwa njiani na nyumbani hamna kitoweo. Shangazi Mwanakheri akanichukua pwani kutafuta pweza. Maji yalikuwa yameanza kujaa, nami nikawa nakimbia pango hili hadi lile, nachokoa kwa fimbo, nahama. Shangazi alikuwa amechutama mbele ya pango moja tu.

“Shangazi, humo hamna kitu!”

“Yumo, nshamwona. Anangoja uondoke tu. Kaa.”

Nikachutama, maji yakinipanda mapajani. Punde nikaona jicho, kisha mkono wa pweza ukaishika fimbo yangu. Tulirudi na pweza mkubwa, kanga zimerowa hadi kiunoni, tunacheka.

Wageni walikula wakashiba. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo jingine: kumbe mbio zangu zote zile zilikuwa woga, na nilipotulia mahali pamoja, ulinitoka.

Mola akutulize moyo, mwanangu.

Bibi yako,
Asha