Nyumba Ambayo Sikuiandika Daftarini

Nyumbani,
Jumapili, siku ya kumi tangu kimbunga.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani, na wifi je, na watoto? Natumaini kile kikohozi kimekuachia sasa. Sisi tu wazima, isipokuwa jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu nilikwambia Baba amekwaruzika kidogo mkononi. Nilikudanganya.

Redio ilitangaza Jumatatu kwamba kimbunga kingetufikia Alhamisi. Watu walipigwa na butwaa, kisha kila mmoja akashika lake. Mashua zilivutwa mpaka uwanja wa mpira. Magunia ya mchanga yalipangwa milangoni. Mwokaji alioka hadi unga ukamwishia. Kinyozi, unamjua kwa maneno, alibandika karatasi: "Leo nanyoa mbiombio, masikio chunga mwenyewe." Tulicheka, ingawa roho zilikuwa juu juu.

Mimi, kwa kuwa ni karani wa shule, nilipewa daftari la kuandika nyumba za wazee na wagonjwa ili zisaidiwe kwanza. Kazi ile ilinipanda kichwani, kaka. Nilizunguka mitaa yote, kalamu sikioni. Kila aliyetaka mbao za kuzibia madirisha nilimwelekeza kwa Baba, maana seremala ndiye yeye. Alitoa mbao zake zote, hata zile alizomwekea Mama za kabati. Siku tatu alipanda na kushuka ngazi. Jina lake mwenyewe sikuliandika, na ana miaka sabini na mbili.

Alhamisi asubuhi upepo ulikwisha kuanza. Baba alirudi, akaketi kizingitini akijisugua magoti. Madirisha yetu mawili yalikuwa bado. Papo hapo nikapata habari kwamba mkunga mstaafu naye bado hajazibiwa.

"Mwanangu, nimechoka," Baba akasema. "Niache nimalize hapa kwanza."

"Baba, yule yuko peke yake. Sisi tutajibana chumba cha nyuma."

Alinitazama kidogo, akachukua nyundo, akaenda.

Aliporejea ilikuwa adhuhuri na upepo umekuwa mkali. Hakutaka kujibana chumba cha nyuma, alitaka amalize. Nilimshikia ngazi. Upepo ukaupiga ubao aliokuwa ameushika, kioo kikapasuka, na mkono wake wa kulia ukazama humo hadi kwenye kiwiko. Tuliwahi kumfikisha hospitali kabla barabara haijafungwa. Daktari alimshona vizuri, lakini amesema vidole vitatu havitakunjika tena.

Kimbunga chenyewe kilipinda njia, kikarudi baharini. Tuliambulia mvua na mabati machache kung'oka. Hakuna aliyekufa. Watu wananisimamisha njiani kunipongeza kwa daftari langu, nami nasema asante huku nimeinamisha macho.

Nilimwomba Baba msamaha. Akaniuliza, "Mkunga alilala pakavu?" Nikasema ndiyo. "Basi," akasema. Lakini jana nilimkuta karakanani akijaribu kushika patasi kwa mkono wa kushoto. Aliponiona aliiweka chini, akajifanya anafagia.

Hapa nyumbani hakuna anayeutaja mkono ule. Mama humkatia mkate na kumfunga vifungo vya shati bila neno, kisha hugeukia mambo mengine. Nakuomba kaka, ukipiga simu, safari hii usianze na mimi. Omba kuzungumza na Baba mwenyewe. Muulize waziwazi mkono unaendeleaje, umwache aseme, hata akinyamaza kwanza usikate. Mimi hawezi kuniambia, kwa sababu anachelea kuniumiza.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Shangazi anawabusu watoto. Mkunga anasema anamwombea Baba kila siku; nimeshindwa kumweleza zaidi.

Mungu awafunike huko mliko, na anisamehe mimi niliyetenda wema kwa mikono ya mwingine.

Dada yako akupendaye,
Kitinda mimba wenu