Mke Mwenza wa Mbao

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka hapa Wete, wewe Abrahman bin Mjaka, fundi redio, mume wa Bi Mwanamize. Watu wanakukumbuka kwa upole wako na kwa redio zao ulizozifufua. Mama anakukumbuka kwa hayo pia, lakini zaidi anakukumbuka kwa wivu.

Ulimletea mke mwenza, Baba. Hakuwa mtu, ilikuwa ndege ndogo ya mbao ya kurusha kwa redio, uliyoiunda kwa mikono yako, na mabawa yake hayakupita mlangoni ila kwa ubavu. Ukaiweka chumbani, upande wa Mama.

Injini uliifungia kwenye vipande viwili vya mbao ngumu vilivyozama puani mwa ndege, ukakaza skrubu, ukaielekeza chini kidogo na kulia kidogo ili isiivute ndege kombo. Ukatueleza hayo wakati wa kula, macho yanang'aa. Mama akasukuma sahani.

"Injini waifunga isitikisike," akasema, "na kitanda changu mwaka wa pili chayumba, hukioni!"

Ulicheka. Yeye hakucheka hata kidogo, roho ilikuwa inamuuma.

Ikaja kazi ya usukani wa mkia. Ulinyoosha spoku ya baiskeli ukaiunganisha na mtambo wa redio, ili ukibonyeza kidude mkononi, mkia ugeuke. Bawaba za mkia zilitaka kushonwa kwa uzi. Ukamwomba Mama, mshonaji kofia hodari.

"Nimshonee mke mwenzangu? Labda nife!"

Basi ukashona mwenyewe. Ulipokwenda msikitini, Mama akautazama ule mshono wako uliojikunja, akashindwa kuvumilia. Akaufumua wote, akaushona upya kwa uzi wa kofia, huku akinung'unika kwamba nyumbani mwake havai mtu kitu kibovu, hata akiwa mke mwenza.

Siku ya kuirusha, kule Micheweni, ndege ikapaa, ukabonyeza, ikageuka vile vile ulivyotaka. Sote tulishangilia. Mama peke yake alinuna ndani ya buibui lake.

"Mie n'kikwita wewe wan'ambia n'ngoje. Huyo yuko juu huko, na macho yako yote yamfuata yeye."

Kisha homa ikakuchukua. Mama alipokaa eda, akaamuru ndege ikae naye chumbani.

"Naye kafiwa," akasema. "Wake wenza hukaa eda pamoja."

Tulimsikia humo ndani akiisuta, akiilaumu, siku nyingine akilia nayo.

Eda ilipokwisha, sahibu yako Bwana Humoud akaja kwa adabu zake zote. "Bi Mwanamize, nipe hiyo ndege niirushe, isije ikaozea ndani."

Mama hakukasirika. "Mie nimeposwa nikakataa," akamjibu. "Na huyu haolewi."

Ndege ingali chumbani. Kitanda nacho kingali kinayumba, maana Mama hataki fundi mwengine akiguse.

Leo tunakusomea hitma. Mungu akurehemu, Baba. Hutoki mioyoni mwetu daima.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwanamize, binti yako Tatu, mwanao Pandu, nduguyo Kificho na sahibu yako Humoud. Na ndege. Mama kakubali itajwe, mradi iwe ya mwisho.