Magunzi ya Gereji

Jumapili, 15 Mei 2011

Mvua tangu asubuhi. Navroz yuko gereji anayeyusha risasi. Mlango ameuacha nusu wazi, harufu ya nta inafika mpaka jikoni — anatia kipande cha mshumaa kwenye chungu ili uchafu upande juu, halafu anauengua kwa kijiko, kama mimi ninavyoengua povu la maharage. Nilimpelekea chai. Akasema Mami, simama mbali. Nikasimama mbali nikatazama. Anachota, anamimina kwenye kalibu, anagonga, vichwa vya risasi vinadondoka viwili viwili juu ya taulo. Vya kwanza vilitoka na makunyanzi. Nikamwambia hivyo ni vitumbua vya kwanza, chuma hakijapata moto. Akacheka. Ndivyo hasa Mami, akasema, akavirudisha chunguni.

Hana raha nyingine mwanangu. Jumatatu mpaka Ijumaa matairi ya watu, na vile vyuma vidogo vya risasi vya kusawazisha matairi ndivyo anavyookota na kuja kuviyeyusha. Jumamosi klabu ya shabaha na bastola yake ya magnam, nzito kama pasi ya mkaa. Leseni anayo, kasha la kufuli analo. Risasi za dukani anasema zinapiga mkono kama punda. Zake anazipimia baruti mwenyewe, punje kwa punje, ulimi nje kama alivyokuwa mtoto.

Mkwe wangu Shaila hapendi. Anasema nyumba ina mtoto. Kiyana ana mwaka na miezi mitatu. Bado hajasimama.

Mvua ilipopungua nilipanda mchicha, ndoo sita, nyuma ya nyumba. Nilikuta Navroz ameweka magunzi ya mahindi yaliyosagwa kando ya pipa la taka, ndoo nzima. Ni yale anayotia kwenye mashine ya kutetemeka pamoja na maganda ya risasi zilizokwisha pigwa — vinasuguana usiku kucha, maganda yanatoka yanang'aa. Magunzi yakishakuwa meusi anayatupa. Kutupa magunzi, mtu mzima! Kule Kahama, kabla hatujahamia huku ng'ambo, jirani yetu Mama Kabula alikuwa anayafukia pamoja na majivu, mchicha wake una majani kama sahani. Nimeyatandaza yote juu ya udongo. Sikumwuliza. Nani anaomba ruhusa kuokota taka.

Jumatano, 29 Juni 2011

Mchicha umekuja kwa fujo. Leo nimechuma mara ya tatu. Niliuponda na kiazi na tui kidogo, Kiyana akamaliza bakuli akagonga meza anataka tena. Shaila aliporudi kazini alikuta mtoto midomo kijani. Akasema Mami, changu anatema, chako anadai. Nilijivuna. Mungu anisamehe.

Ila tumbo lake gumu. Siku tatu hajaenda. Na kulia kwingi bila sababu. Navroz anasema meno.

Leo nimeona nimejaza nusu ya daftari. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, darasa la nne, halafu nikatolewa kukaa dukani. Kigujarati nasema tu. Humu ndani hakuna awezaye kusoma haya. Navroz anasikia, anajibu Kiingereza. Shaila anajua "njoo" na "kula".

Ijumaa, 15 Julai 2011

Daktari alimpima Kiyana akidhani ni upungufu wa damu. Kumbe damu ina risasi. Madini yenyewe, yale yale. Sifuri nukta tisa. Nikamwuliza Shaila, sifuri si kidogo? Akasema Mami, inatakiwa isiwepo kabisa. Inakaa kwenye mifupa. Inakula akili ya mtoto — anaweza kukua asishike masomo, asitulie. Pengine ndiyo maana hajasimama.

Daktari aliuliza swali moja tu: kuna mtu nyumbani anashika risasi? Shaila akamwambia yote ya gereji, analia.

Wametupatia karatasi. Mnawisheni mikono. Futeni vumbi kwa kitambaa kibichi. Maziwa. Mboga za majani zenye madini ya chuma, zinasaidia mwili kuikataa sumu. Hapo ndipo nilipopumua. Mboga ninayo.

Jumamosi, 16 Julai 2011

Shaila ameondoka. Yuko mtaa wa Thorncliffe, kwa mama yake, Khurshid, ghorofa ya kumi na moja. Mabegi mawili na kiti cha mtoto.

Navroz alisema naacha leo, naacha sasa hivi. Shaila akasema ungeacha jana. Navroz akasema nilikuwa nafungua mlango, nilikuwa navaa glavu. Shaila akasema ulikuwa unatoka huko unambeba.

Mimi Shaila alinikumbatia. Akasema Mami, na wewe si kosa lako. Uje kumwona wakati wowote.

Jumapili, 31 Julai 2011

Bastola ameiuza. Kalibu, mizani, mashine — vyote kachukua mtu mmoja wa klabu. Chungu kimebaki, risasi imegandia ndani kama uji wa jana.

Jumatano na Jumamosi anakwenda Thorncliffe. Anaoga mara mbili kabla ya kutoka, anavaa nguo zilizofuliwa peke yake. Khurshid anamfungulia mlango bila salamu. Saa moja anakaa na mtoto, halafu anarudi na kulala na viatu.

Mimi natuma mchicha. Naupika, naugandisha kwenye vikopo, kikopo kimoja kwa siku. Navroz anabeba. Nimemwambia asisahau, karatasi ya daktari imesema. Shaila amenipigia simu kushukuru. Kiyana hali kitu kingine.

Jumatano, 17 Agosti 2011

Kipimo cha pili. Haikushuka. Imepanda — moja kamili.

Shaila kampigia Navroz nami nimesimama pale pale. Nilimsikia mpaka nje ya simu. Mwezi mzima mtoto hayuko kwako na imepanda, kwa hiyo hujaacha. Unaficha mahali. Unakuja kumshika. Navroz anasema naapa. Anasema nimeuza kila kitu. Shaila anasema basi imetoka wapi, Navroz, imetoka hewani?

Amemkataza kumwona mtoto. Kuna nesi wa afya ya jamii atakuja kukagua nyumba.

Navroz aliniuliza, Mami, na wewe unafikiri nadanganya? Nikasema hapana. Lakini nilichelewa kidogo kusema. Aliona.

Alhamisi, 18 Agosti 2011

Hakwenda kazini. Anapangusa gereji, ukuta mpaka dari, kwa maji na sabuni, amefunga uso na kitambaa. Adhuhuri akaja mlangoni. Mami, ile ndoo ya magunzi machafu iliyokuwa karibu na pipa, iko wapi?

Nikasema nilitupa.

Akasema vizuri, afadhali. Akasema ile ndiyo mbaya kuliko yote, Mami, kuliko hata moshi wa chungu. Ganda likipigwa, kile kifataki cha nyuma kinaacha vumbi la risasi ndani yake, na vumbi lote linanyonywa na magunzi. Ukilipumua tu kosa. Akarudi kupangusa.

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Ndoo sita ziko mbele yangu. Mchicha umefika kiunoni.

Vikopo ishirini na vinane nimetuma. Ishirini na vinane tangu aondoke. Kabla ya hapo sikuhesabu.

Ijumaa, 19 Agosti 2011

Nimeng'oa wote. Mifuko mitano. Udongo nimeumwaga nyuma ya uzio, kule reli inakopita. Ndoo nimetupa. Navroz alikuwa kazini.

Nimempigia Shaila, nimemwambia vikopo vilivyobaki avitupe, barafu iliyeyuka njiani, vimechacha. Uongo ulitoka laini. Akasema pole Mami, kazi yako yote.

Jumanne, 23 Agosti 2011

Nesi amekuja. Nilikuwa nimejipanga kusema sijui Kiingereza, Navroz atafsiri. Kumbe ni dada wa Bukavu, jina lake Godelive. Aliposikia naongea na Navroz akaweka mkoba chini akapiga makofi. "Mama, unaongea Swahili! Leo niko nyumbani."

Alipangusa dirisha kwa vijitambaa, akavitia kwenye mirija. Bomba, rangi ya ukuta, sakafu ya gereji. Navroz alimfuata kama mtu anayekaguliwa mifuko. Halafu Godelive akaomba kukaa na mimi jikoni, sisi wawili.

"Mama, mutoto alikuwa anakulaka nini hapa kwako?"

Nikasema maziwa. Ugali laini. Viazi. Mboga.

"Mboga gani?"

Mchicha, nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa nyumba ya pili.

"Aa, lengalenga! Iko muzuri, iko na chuma mingi. Muendelee kumupa." Akaandika. Akacheka, akasema tangu atoke Bukavu hajaipata nzuri, zile za duka zinakuwa kama karatasi, mimi naitoa wapi? Nikasema duka la Wahindi.

Kabla ya kuondoka alitazama nje. Kwenye majani kuna duara sita za njano, pale ndoo zilipokaa. Akauliza kulikuwa nini pale. Nikasema maua. Yalikufa.

Akanishika bega. Akasema Mama, uso wako umechoka, usijilaumu, bibi hawezi kuona kila kitu.

Jumapili, 28 Agosti 2011

Nimemwambia Navroz. Baada ya kutoka jamatkhana kusali, ndani ya gari, kabla hajazima injini. Nilisema moja kwa moja: yale magunzi sikuyatupa. Niliyatandaza kwenye mchicha. Nilimlisha mchicha. Ni mimi.

Nikafikiri sasa atanipiga, na nikaona sawa.

Akaweka paji la uso kwenye usukani. Akasema Mami, acha. Nikasema ni kweli. Akasema ulinijibu mwenyewe umeyatupa. Sasa ni mchicha. Kesho utasema ulikuwa unayeyusha wewe nikiwa kazini. Hata jela ungeingia badala yangu, nakujua — shuleni ulimwambia mwalimu umevunja wewe kioo, na hukuwepo.

Nikasema nimeng'oa juzi, udongo nimeumwaga, uchukuliwe upimwe. Akasema udongo gani, Mami. Nikasema uko relini. Akanitazama kwa huruma. Huruma ile! Akasema tafadhali usimwambie Shaila hadithi hiyo. Ataona tumekaa tukaitunga. Ataona nimekutuma.

Akanifungulia mlango, akanishika mkono kunitoa kama mgonjwa.

Na mimi — niandike ukweli, hapa hasomi mtu — nilipoona haamini, kuna kitu kifuani kilipumzika.

Jumatatu, 26 Septemba 2011

Kipimo cha tatu. Imeshuka. Sifuri nukta saba.

Shaila alilia kwenye simu, kwa furaha sasa. Akasema unaona Mami? Tangu nimkataze Navroz. Wiki sita tu. Godelive naye kasema inaendelea vizuri, kilichobadilishwa kisirudishwe.

Nilisema Shaila, sikiliza, kuna jambo. Akasema niambie Mami. Nikasema ni mchicha, mchicha wangu ndio uliomdhuru. Halafu akasema, taratibu, kama anavyosema na Kiyana: Navroz amekuambia useme hivyo?

Nikasema hapana.

Akasema Mami, nakupenda, usinifanyie hivi. Nikihisi na wewe unanidanganya, nitakukataza na wewe.

Nikasema basi. Nikauliza Kiyana amekula?

Navroz hakuuliza simu ilikuwa ya nini. Alisikia imeshuka, akasema alhamdulillah. Baadaye akasema kumbe kweli ni mimi niliyemdhuru. Anaamini. Anatazama viganja vyake.

Jumamosi, 8 Oktoba 2011

Wako chini, mezani. Shaila, mama yake, na Kiyana. Shaila hakutaka kukutana kwa mwanasheria, amesema tusameheane hapa nyumbani, karatasi iko tayari.

Navroz anasomewa. Kwamba yeye alitengeneza risasi nyumbani penye mtoto, na kwamba alimdhuru. Kwamba atamwona Jumamosi, kwa saa mbili, kwenye kituo cha ustawi wa jamii, na mtu amekaa anamtazama. Mpaka mtoto afike miaka sita, ndipo waangalie tena. Navroz anaitikia kila mstari kabla haujaisha.

Mimi nimepewa Alhamisi. Kila Alhamisi, asubuhi mpaka jioni, peke yangu naye. Shaila kalitamka hilo kwa kunishika shavu.

Kiyana anatembea! Sikuwa nimeona. Ametoka kwenye magoti ya mama yake, hatua nne, tano, mikono juu kama anabebwa na hewa, mpaka kwa baba yake. Navroz aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Mtoto akashika suruali, akavuta. Navroz akabaki hivyo hivyo amesimama, mikono nyuma, anatazama dirisha. Khurshid ndiye aliyekuja kumwondoa.

Sahihi ya Shaila inashuhudiwa na mama yake. Ya Navroz nayo inataka shahidi. Shaila akasema Mami si yupo. Navroz kanisogezea kalamu. Akasema si kitu, Mami, ni jina lako tu, pale chini.

Nilisema ngoja nikachukue miwani.

Sasa niko chumbani, nimekaa kitandani, naandika. Miwani ninayo usoni. Khurshid anasema chini kwamba basi lao ni la saa kumi. Navroz anasema mwacheni, anatafuta. Sasa naisikia miguu yake kwenye ngazi, anakuja kunisaidia kutafuta