Papa Furaha, Nimeinua Kinu

Papa Furaha, mume wangu,

Nakuandikia katika daftari ya Furaha wetu, kalamu nayo ni yake. Mungu njo anajua barua hii itafika wapi.

Tangu tukuzike hapa Kashebere, sikutwanga tena sombe, yale majani ya muhogo uliyoyapenda. Kinu nilikigeuza kinywa chini nyuma ya nyumba, majirani wakawa wananiletea chakula. Walidhani ni desturi ya kwetu Masisi. Hapana. Niliogopa kutwanga bila fimbo zako mbili kugonga ubao kando yangu.

Unakumbuka? Ulikuwa unatoka kazi ya barabara, hata maji hujanywa, unakaa kwenye kiti kidogo. "Mama Furaha, twanga, usisimame." Mukono wa kuume unaufunga kwa kamba ya mugomba, ili wa kushoto ufanye kazi peke yake, maana ule njo ulikuwa unachelewa. Muchi ukishuka, fimbo inashuka. Kisha unafungua kamba: kuume, kushoto, kuume, kuume, kushoto, kuume, kushoto, kushoto. Na mimi mwanzoni nilifikiri unangojea sombe, kumbe unajifunza ngoma ya kanisa.

Siku moja ya posho, Jumamosi, nilikukasirikia kwa sababu ya kuni, nikatwanga mbio mbio, nawe ukanifuata bila kujua. Kesho yake, siku ya Mungu, ukapiga ngoma vile vile katika kapela. Waimbaji wakakosa pumzi. Mama mumoja akauliza, "Leo tunafukuza mbuzi ya nani?" Njiani nikakuungamia kosa langu, ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye majani.

Kicheko kile. Kile njo natafuta nikiamka asubuhi.

Sasa sikiliza. Katekista alimupa mudogo wako ngoma. Anapenda Mungu sana, lakini mukono wake wa kushoto ni kama wako wa zamani. Waimbaji wakawa wanagongana. Katekista akasema, kama mpaka Noeli mapigo hayajanyooka, ngoma itapelekwa kapela ya Masisi, kule wako na mupigaji. Ngoma yako, Papa Furaha, uliyoichonga mwenyewe. Mudogo wako akaja kwangu, kichwa chini. "Shemeji, kaka alikuwa anajifunza namna gani?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikainua kinu. Nyasi za chini yake zilikuwa zimekuwa nyeupe.

Tukaanza kila jioni, yeye na ubao wako, kamba ya mugomba mukononi. Lakini mikono yangu ilikuwa mizito, muchi ukawa unashuka polepole, sikuweza kuuharakisha. Siku ya Noeli akapiga vile vile. Wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana ukaenda kama watu wanaopanda mulima na mizigo. Ila hakuna aliyegongana na mwenzake. Nikasikia mikono yangu ndani ya ngoma yako, nikalia mbele ya watu wote.

Kule nje katekista akanisalimu. "Ngoma inabaki, Mama. Lakini utwange mbio kidogo, Bwana amezaliwa."

Bado siwezi. Nitajaribu.

Pumzika kwa Yesu, mume wangu. Kila siku ya posho nitatwanga. Kiti chako kiko pale pale, mudogo wako anakaa upande mwingine. Siku moja, siku ya Mungu, ukisikia huko uliko ngoma inakimbia na waimbaji wanakosa pumzi, ujue nimeanza kucheka tena.

Mimi wako,
Mama Furaha